Kulabu ya Upanga wa Mjapani

Kuna hotuba moja ambayo mgeni rasmi akishatamka sentensi yake ya kwanza, mimi huwa nimekwisha kuijua ya mwisho. Nimeisikia kwenye mahafali ya shule za msingi, nimeisikia kwenye sekondari, na mara moja, Mungu anisamehe, niliisikia katika chuo cha ualimu nilichokiongoza mwenyewe, nimeketi jukwaani kando ya msemaji nikitikisa kichwa kama mtu aliyekubali. Hotuba yenyewe ni hii: Waafrika tumetupa mila zetu, ndiyo maana hatuendelei, Mjapani hakutupa mila zake, ndiyo maana ameendelea. Na ushahidi unaotolewa ni upanga. Mjapani, tunaambiwa, aliunda manowari na kurusha ndege za vita, lakini kiunoni mwake uliendelea kuning'inia upanga wa babu yake, vile vile babu alivyouvaa. Hapo wanafunzi hupiga makofi. Wazazi nao hupiga makofi. Mgeni rasmi hunywa maji.

Miaka ile sikusema kitu, kwa kuwa mkuu wa chuo hambishii mgeni wake mbele ya wanachuo. Sasa nimestaafu, sina mgeni rasmi wa kumwogopa. Nasema kwamba hotuba hiyo si ya kweli, na kutokuwa kweli kwake kunaonekana mahali padogo ambapo wasemaji wetu hawajapata kupatazama: pale upanga unapokutana na mshipi.

Mahali hapo nilipaona kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto wa darasa la tatu, nyumbani kwa baba yangu mdogo, karibu na Pangani. Baba mdogo alikuwa mtu wa Keya. Alipigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale askari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walioteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni, katika matope yaliyomeza magari, wakawasukuma Wajapani kutoka Tamu hadi mto Chindwin. Kwenye boriti ya ukumbini kwake ilining'inia kandili, na kandili hiyo ilishikwa na kipande cha ngozi ya kahawia, kifupi, kisichofika shibiri moja, chenye kitanzi upande mmoja na kulabu ya chuma yenye springi upande wa pili.

"Shikamoo baba. Kamba hii uliinunua wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo haikununuliwa. Hiyo ni ya Mjapani."

Akanisimulia. Walimkuta ofisa wa Kijapani amekufa ndani ya handaki, upanga wake ungali kiunoni. Ofisa Mzungu wa kikosi chao aliutaka upanga ule ampelekee baba yake Ulaya. Baba mdogo ndiye aliyeamriwa kuufungua, kwa sababu maiti ilikuwa na siku kadhaa na Mzungu hakutaka kuigusa. Akaufungua, akautoa, akapewa pakiti moja ya sigara. Kile kipande cha ngozi hakuna aliyekiulizia, akakitia mfukoni. Alichukua fimbo yake ya kutembelea akanionyesha jinsi upanga ulivyokaa: ubavuni kushoto, mpini mbele, ncha nyuma, makali yametazama chini.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu kijana, niliona katika kitabu mchoro wa samurai, shujaa wa Kijapani wa zamani, na upanga wake makali juu. Nikadhani mzee amesahau. Nikamwambia hivyo, kwa utovu wa adabu wa mtu aliyesoma. Alinijibu kwamba yeye aliufungua kwa mikono yake, na mchoraji je? Nilipokuja kuichunguza habari hii kwa makini, niliona kwamba mzee hakusahau hata kidogo, na mchoraji naye hakukosea. Ni panga mbili za nyakati mbili, na kati ya moja na nyingine kuna historia nzima ambayo mgeni rasmi huiruka.

Wajapani wa kale walikuwa na njia mbili za kuuvaa upanga mrefu uliopinda. Iliyotangulia ni ya wapanda farasi na watu wa baraza la mfalme. Upanga wao uliitwa tachi. Ala yake ilikuwa na vishikio viwili kwa juu, na kila kishikio kilifungwa kamba iliyoshuka kutoka kiunoni, hivyo upanga ukabembea ubavuni, mpindo wake kama mashua, makali chini. Kwa mtu aliye juu ya farasi jambo hilo lina maana: ncha haimchomi mnyama, na mkono unauchomoa bila taabu. Ya pili ni ya upanga uitwao katana, uliokuja kuenea vita vilipozidi kupiganwa kwa miguu. Huo haukuning'inizwa. Ulichomekwa ndani ya obi, yaani ule mshipi mpana wa kitambaa unaozungushwa kiunoni mara kadhaa juu ya kanzu yao, makali yakatazama juu, na kitambaa chenyewe kikaubana. Tofauti hii ilikuwa na uzito hata kwa mfua upanga. Desturi ilikuwa jina lake alichonge upande utakaotazama nje upanga ukivaliwa. Kwa hiyo mjuzi akilivua bamba la mpini na kuona jina limechongwa upande upi, hujua upanga ulikusudiwa kuning'inizwa au kuchomekwa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo la namna hii. Jambia lina mahali pake kwenye mshipi, na mtu akilivaa mgongoni hata watoto watamcheka.

Katika karne za mwisho za utawala wa masamurai, ilikuwa ni katana iliyochomekwa, pamoja na mwenzake mfupi. Huo ndio upanga wa babu. Basi tuuulize huo ulikwenda wapi.

Ulipigwa marufuku, na hawakuupiga marufuku Wazungu, bali serikali ya Japani yenyewe. Mwaka 1873 ilianzisha jeshi la kuandikisha vijana kwa sheria, wana wa wakulima pamoja na wana wa mabwana, na mwezi Machi 1876 ikatoa amri kwamba hakuna mtu aruhusiwaye kutembea na upanga isipokuwa askari, polisi na maofisa wa serikali waliovaa sare zao. Watu waliokuwa wamechomeka panga mbili kiunoni kwa karne nyingi waliamka asubuhi moja wakaambiwa waziache nyumbani. Mfalme mwenyewe, Meiji, alikwisha kupigwa picha mwaka 1873 amevaa sare ya kijeshi ya Kizungu, nywele zimekatwa Kizungu, na mkononi ana upanga wa Kizungu.

Na askari waliobaki na ruhusa walibeba nini? Walibeba kitara. Walifundishwa kwanza na Wafaransa, na kuanzia mwaka 1885 na Meja Meckel kutoka Ujerumani, na silaha yao ya ubavuni ilikuwa kitara cha namna ya Ulaya, kilichowekwa kanuni mwaka 1875 na tena mwaka 1886: mpini wenye kikingio cha shaba kinachozunguka vidole, ala ya chuma inayong'aa, na pete kwenye ala. Mshipi ulikuwa wa Ulaya pia. Ulivaliwa chini ya koti, na kutoka kwake zilishuka kamba za kushika pete hizo. Mshipi wenyewe ulikuwa na kulabu ndogo pembeni. Ofisa akishuka farasini aliipandisha pete ya juu akaitundika kwenye kulabu, la sivyo ala ingeburutika chini kwa kelele na kumkwaza katika ngazi. Kila ofisa wa Paris au Berlin wa wakati ule angeelewa mara moja jinsi ya kuuvaa mshipi huo. Kwa mshipi huo Japani iliishinda China mwaka 1895. Kwa mshipi huo iliishinda Urusi mwaka 1905, vita ambavyo viliwashangaza watu weusi na wa rangi zote waliokuwa chini ya ukoloni. Reli, viwanda vya chuma, vyuo vikuu, jeshi la majini, haya yote yalijengwa katika miaka ambayo ofisa wa Kijapani alining'iniza kitara cha Ulaya.

Napenda msomaji atue hapa kidogo. Maendeleo ambayo mgeni rasmi anayasifu yana tarehe zake. Upanga anaousifu nao una tarehe zake. Tarehe hizo hazilingani.

Ni kweli kwamba maofisa wengi wa miaka ile walichukua bamba la zamani la ukoo wao, wakalivua mpini wake na kulitia ndani ya mpini wa kitara. Hilo silikatai, na kwangu ni jambo la kugusa moyo kuliko yote yaliyokuja baadaye. Lakini angalia alivyofanya mtu huyo: alichokithamini alikificha ndani ya ala ya kigeni, hakukitangaza. Bamba lilikuwa la babu. Namna ya kulivaa ilikuwa ya Mfaransa. Wala hakuambiwa kwamba ameacha mila.

Upanga aliouona baba mdogo ulizaliwa mwaka 1934. Ulikuwa na umri wa miaka kumi tu alipoufungua.

Mwaka 1931 jeshi la Japani lilikuwa limeivamia Manchuria. Nchini kwao sauti za kijeshi zilikuwa zinazidi kuzimeza sauti nyingine. Mwaka 1933 ilifunguliwa karakana ya wafua panga ndani ya uwanja wa hekalu la Yasukuni, Tokyo, ili kuwafulia maofisa, na mwaka uliofuata jeshi likatoa kanuni ya upanga mpya. Kitara kikawekwa kando isipokuwa kwa gwaride na sherehe, na mahali pake ukawekwa upanga wenye sura ya tachi, ule wa wapanda farasi wa karne ya 13: mpini mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, uliofunikwa ngozi ya samaki taa na kusokotewa utepe juu yake, na maua ya mcheri yamechorwa kwenye vyuma vyake. Ulipewa namba ya mwaka 94. Namba hiyo si ya kalenda yetu. Ni tarakimu za mwisho za mwaka 2594, kwa hesabu inayoanzia kwa Mfalme Jimmu wa ngano, miaka 660 kabla ya Kristo. Hata kuhesabu walihesabu kutoka kwenye hadithi.

Sasa jiulize: kama walitaka kurudi kwa babu, kwa nini walirudi kwenye tachi na si kwenye katana? Babu wa kweli, babu aliyekuwa hai hadi 1876, alichomeka katana makali juu. Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba tachi ulikumbusha enzi za utukufu wa kivita. Sawa. Lakini mimi naona lipo jibu jingine, na liko kwenye kile kipande cha ngozi cha baba mdogo. Katana haiwezi kuvaliwa bila obi. Jaribu kuuchomeka upanga wenye ala ya chuma ndani ya mkanda wa ngozi juu ya koti la sufu: ama utateleza, ama utakubana usiweze kuketi, ama mkanda utapinda. Tachi haudai obi. Unadai pete na kulabu, na pete na kulabu tayari zilikuwapo kwenye mshipi wa kitara! Ofisa aliendelea kuvaa mshipi wake chini ya koti, au juu yake akiwa vitani. Upande wa kushoto wa koti paliachwa mpasuo mdogo ili kishikio kitokeze. Hapo akatundika upanga wa karne ya 13 kama alivyotundika jana kitara cha Mfaransa. Ukiutazama upanga ule kutoka juu ya mpini ni wa kale. Ukiutazama kutoka kwenye mshipi ni wa Ulaya. Waliichagua mila iliyokubali kutundikwa kwenye kulabu ya kigeni.

Na haikuchukua muda kabla mila hiyo haijaanza kupunguzwa. Upanga wa 1934 ulikuwa na vishikio viwili kwenye ala, kama tachi halisi, lakini cha pili kilifanywa cha kuvuliwa: kilivaliwa siku za sherehe, vitani kikatolewa, kwa sababu kamba mbili ni usumbufu kwa mtu anayetambaa. Mwaka 1938 ikatoka kanuni nyingine, na kishikio cha pili kikafutwa kabisa. Kikabaki kimoja. Upanga unaoning'inia kwa kishikio kimoja hauelei ubavuni kama mashua. Unaninginia mkia chini na kugonga goti la mwenyewe. Tena mtu akikimbia au kuinama upanga unaweza kuchomoka wenyewe, basi ikabidi ubanwe kwa kitufe chenye springi mdomoni mwa ala, au kwa ukanda wa ngozi wenye kifungo. Ala ya chuma ilifunikwa ngozi ili isipige kelele wala kumeremeta, na wengine walibeba ala ya mbao ndani ya ngozi hiyo. Mpindo wa babu, springi ya kiwandani. Jeshi la majini, lililokuwa limefundishwa na Waingereza na kubeba vitara vya namna yao, lilifuata mwaka 1937 kwa upanga wake wenye vishikio viwili na kamba mbili kutoka kwenye mshipi, moja fupi na moja ndefu. Na hao walibaki na viwili, labda kwa kuwa mtu wa melini hatambai.

Kwenye mpini kilining'inia kishada cha kusokotwa, na rangi yake ilisema cheo: kahawia na buluu kwa luteni na kapteni, kahawia na nyekundu kwa meja na kanali, na kwa jenerali iliongezwa dhahabu. Samurai hakuwa na kitu hiki. Kishada ni cha kitara cha Ulaya, kilichokusudiwa kuzungushwa kwenye kifundo cha mkono silaha isianguke. Waliporudi kwa babu walisahau kukikata.

Lakini mahali ambapo hasira yangu inapanda hasa ni kwa sajini. Ofisa alijinunulia upanga kwa fedha zake. Sajini alipewa wa serikali, uliotolewa kanuni mwaka 1935. Bamba lilitoka kwa mashine, likapigwa muhuri wa namba kama bunduki au baiskeli ya ofisi. Ala ilikuwa na pete moja tu. Na mpini, mpini wenyewe ambao kwa ofisa ulifunikwa ngozi ya taa na kusokotwa utepe kwa mkono, kwa sajini ulimiminwa kwa shaba katika kalibu, baadaye kwa aluminiamu, huku misokoto ya utepe imefanyizwa humo humo na kupakwa rangi ili ionekane kama utepe! Nimewahi kuwauliza walimu wenzangu: mtu anayechora kamba kwenye aluminiamu anahifadhi mila gani?

Tena sajini huyo alikuwa mtoto wa nani? Wengi wao walikuwa wana wa wakulima. Mwaka 1588 mtawala Hideyoshi alitoa amri ya kuwanyang'anya wakulima wa Japani panga zao zote na silaha nyinginezo, na tangu hapo upanga mrefu ukawa alama ya tabaka lililowatawala. Kwa karibu miaka mia tatu babu wa sajini alikuwa mtu asiyeruhusiwa kuuvaa upanga ule. Alikuwa yule aliyeinama kando ya njia mwenye upanga akipita. Kisha mwaka 1935 mjukuu wake anapewa aluminiamu iliyopakwa rangi na kuambiwa: shika, huu ndio urithi wa wazee wako, sasa ufie. Urithi wa wazee wa nani?

Najua nitakavyojibiwa. Nimekwisha kujibiwa hivyo kwenye baraza ya kahawa na mwalimu mmoja wa historia, kijana ninayemheshimu. "Mwalimu," aliniambia, "wewe unapigana na pete na kulabu. Hata kama sura ya upanga ilichaguliwa na serikali, moyo ulikuwa wa kweli. Wale watu walikufa kwa ajili yake."

Naam, walikufa, na hilo ndilo nililo nalo. Upanga huu haukuwa pambo. Kule China na kwingineko ulitumika kuwakata vichwa mateka waliofungwa mikono. Na huko Burma, maofisa vijana waliuchomoa wakawaongoza watu wao kuzikimbilia bunduki za Bren zilizoshikwa na watu kama baba mdogo, ambao hawakuwa na haja ya upanga wowote. Kijana aliyefundishwa kwamba kiunoni kwake kuna miaka mia saba haoni aibu kukimbilia risasi; kijana aliyeambiwa ukweli, kwamba amevaa kanuni ya miaka michache iliyotoka ofisini, pengine angelala chini. Sisemi kwamba moyo wake ulikuwa wa uongo. Nasema kwamba aliyempa upanga alijua anachofanya na moyo huo, na ndiyo sababu nauchunguza mshipi badala ya kupiga makofi.

Wala siwadharau mafundi wa Japani. Mfua upanga wa kweli anaukunja chuma na kuupoza kwa ustadi ambao dunia nzima inauheshimu, nami nauheshimu. Lakini hebu tuwaulize Wajapani wenyewe. Baada ya vita, majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani yalikusanya panga kwa wingi mno, na hatimaye ikakubaliwa kwamba upanga uliofuliwa kwa njia ya jadi uhesabiwe kuwa kazi ya sanaa, uandikishwe na kutunzwa. Sheria yao ya leo inafuata njia hiyo. Upanga wa jeshi uliotoka kwa mashine hauandikishwi, na mtu haruhusiwi kukaa nao. Kwa hiyo ukiuleta Tokyo upanga wa sajini, ule unaosifiwa majukwaani kwetu kuwa ndio siri ya maendeleo yao, watakunyang'anya.

Mwalimu yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, basi unataka tutupe mila? Hapo ndipo huwa naona jinsi hotuba ya mgeni rasmi ilivyotuharibu, kwamba tumebakiwa na maneno mawili tu, kuhifadhi na kutupa. Yule ofisa wa 1880 aliyetia bamba la babu ndani ya kitara hakuhifadhi kama anavyotaka mgeni rasmi, wala hakutupa. Alikuwa mtu aliyeamua mwenyewe, nyumbani kwake, bila kanuni ya wizara, kipi cha wazee wake kinamfaa na kipi hakimfai. Ninaloliogopa ni siku serikali yoyote, ya Tokyo au ya kwetu, inapochukua kazi hiyo mikononi mwake, ikatoa mila kwa namba na muhuri na kuwafunga vijana viunoni. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba taifa huendelea kwa kuvaa cha babu ataacha kuuliza ni cha babu gani, kilitolewa lini, na nani alilipwa kukishona. Hayo ndiyo maswali niliyoajiriwa kumfundisha mwalimu ayaulize, na jukwaani siku ile niliyameza.

Baba mdogo hakuwa na nadharia yoyote juu ya haya. Nilimuuliza siku moja, uzeeni kwake, kama hakusikitika kunyang'anywa upanga. Alicheka. Alisema kwamba vita vilipokwisha waliambiwa majenerali wa Kizungu wanakabidhiwa panga na majenerali wa Kijapani, mbele ya watu, mmoja mmoja. Hayo ni kweli: Jenerali Slim ndiye aliyesisitiza kwamba maofisa wakubwa wa Kijapani watoe panga zao hadharani, mbele ya askari wao, na mwezi Novemba 1945 mjini Saigon, Terauchi alizitoa zake kwa Mountbatten. Wazungu nao, nadhani, walikwisha kuiamini hadithi ya upanga kama Wajapani walivyoiamini. "Kila mtu mkubwa alitaka upanga," mzee alisema. "Mimi nilikuwa na kandili na sina pa kuitundika."

Alifariki mwaka 1987. Kile kipande cha ngozi nilipewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekiuliza tangu utotoni. Ngozi imekauka na kupasuka karibu na kitanzi. Springi ya kulabu bado inafanya kazi, ukiibonyeza kwa kidole gumba inarudi kwa mlio mdogo.

Mwezi uliopita shule moja ya sekondari ya jirani imenialika niwe mgeni rasmi kwenye mahafali yao. Nimekubali. Nimewaomba waniwekee meza ndogo jukwaani na fimbo moja ya kutembelea, na mwanafunzi mmoja wa kiume aliyevaa mkanda.